Ng'ombe Waliobaki Diskini

Andendekisye, fundi wa mtambo, alizima jenereta kwa heshima. Mzee Kalinga, mlinzi wa lango, alianguka asubuhi hiyo akifagia majani, na kabla gari halijatolewa la kumpeleka hospitali alikuwa amekwisha kata roho. Walimlaza uani juu ya mkeka, wakamfunika shuka. Mkewe, Sekela, alipoingia langoni akilia huku wanawake wawili wamemshika mikono, Andendekisye aliweka chini kitambaa chake cha oili, akaingia kwenye kibanda cha mtambo, akavuta swichi kubwa. Hakumwuliza mtu. Penye maiti hata redio huzimwa, sembuse jenereta linalotikisa vioo vya madirisha.

Ndani ya jengo taa zilizimika. Feni za kompyuta zikapunguza mlio wao kidogo kidogo, mpaka chumba kikawa kimya. Evarista alibaki ameweka vidole juu ya vitufe.

"Mungu wangu," alisema.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka sabini na tisa. Kituo kilikuwa nje kidogo ya mji wa Mbeya, na kazi yake ilikuwa kupima damu ya ng'ombe ili kujua homa ya mapafu imejificha katika zizi lipi. Kompyuta ililetwa na wafadhili wa mradi: makabati mawili marefu, diski nzito yenye kifuniko kama cha sufuria ya ubwabwa, na mashine ya kuchapa ambayo mtu aliitumia kuuliza, na majibu yakatoka kwenye karatasi. Mtaalamu aliyeifunga alikuwa amerudi kwao kabla ya Pasaka. Evarista, aliyeajiriwa kutoka Iringa awe mpiga chapa, aliachiwa kitabu kinene cha Kiingereza. Alikisoma na kamusi pembeni, ukurasa baada ya ukurasa, na mahali asipoelewa alirudia.

Katika kurudia huko alikuwa amejifunza kwamba mashine ile haizimwi ghafla. Huyashika kwanza kichwani yale inayotaka kuandika, kisha huyaandika diskini kwa nafasi yake. Umeme ukikatika katikati, ya kichwani hupotea na ya diskini hubaki nusunusu. Na diskini ndimo yalimokuwa majibu ya damu ya ng'ombe wa Usangu.

Barazani, kwenye benchi, alikuwa ameketi mtu aliyekuja kuyasubiri. Bujiku Maganga alikuwa Msukuma, mrefu, mwenye blanketi begani, aliyehama na mifugo yake kutoka kaskazini hadi nyanda za Usangu miaka kadhaa nyuma. Ng'ombe wake sitini na kitu walikuwa wamefungiwa katika zizi la karantini Chimala, na mwanawe Shija alikuwa analala nao huko. Kikosi cha mifugo kilikuwa huko pia, na bunduki. Agizo lililotoka ofisi ya kanda Iringa lilikuwa fupi: ng'ombe mwenye homa apigwe risasi, aliye safi aachwe, na asiye na jibu ahesabiwe mgonjwa. Saa kumi jioni hiyo kituo kilipaswa kusoma majibu kwa simu ya upepo. Baada ya hapo kikosi kingeanza kazi, kiwe kimesomewa au hakikusomewa.

Evarista alitoka uani akijifunga kanga kiunoni.

"Nani amezima?"

"Mimi, dada," alisema Andendekisye. "Marehemu yuko pale. Ningeacha ligurume juu ya kichwa chake?"

Evarista alimtazama, akatazama mkeka. Alijua kwamba kama yeye ndiye angekuwa amesimama karibu na swichi, huenda angefanya vivyo hivyo.

"Hukukosea," alisema. "Lakini sijui kama kile kilichomo ndani kimepona."

Daktari Muhidini, mkuu wa kituo, alikuja haraka kutoka maabara, bado amevaa koti jeupe. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa Iringa mjini, ambaye babu zake walitoka pwani na bidhaa.

"Karatasi za majibu zipo?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Kadi tulizichoma Ijumaa, Daktari. Ndiyo kanuni."

Kadi zilizotoka mazizini huwa zimechafuka damu na mate ya ng'ombe, na kituo kilizichoma kila zilipokwisha kuingizwa kwenye mashine, zisije zikabeba ugonjwa.

"Na chupa za damu zimeoshwa," alisema Muhidini, kama anayejisomea hukumu. "Mimi mwenyewe niliagiza zioshwe, tulipungukiwa. Ule utepe wa nakala ya akiba ulioko Iringa?"

"Ni wa mwezi uliopita. Ng'ombe wa mzee huyu walikuwa hawajapimwa."

"Lahaula," alisema Muhidini. Kisha akamgeukia Andendekisye. "Washa."

Andendekisye hakusogea. "Daktari, wenye msiba hao hapo. Nikawashe wakiniangalia?"

Bujiku alikuwa ameyasikia yote. Aliinuka kwenye benchi, akavua kofia yake, akapita katikati ya uani hadi walipoketi wanawake. Hakuwa na undugu nao wala hawakuwahi kumwona. Alichuchumaa mbele ya Sekela, akatoa pole kwa Kiswahili chake cha taratibu, akakaa kimya kwa muda, kama inavyotakiwa.

"Mama," alisema hatimaye, "mimi ni mgeni. Ninaloomba ni baya, lakini naomba. Wanataka kuwasha mashine yenye kelele. Ng'ombe wangu wamo ndani yake."

Mwanamke mmoja alishtuka. "Ng'ombe ndani ya mashine? Baba, wewe mzima?"

"Majina yao, mama. Sijui nisemeje. Jioni wataua wote."

"Na ndiyo sababu tumlilie Kalinga ndani ya mngurumo kama wa kiwandani?" alisema yule mwanamke. "Watu wa ng'ombe nyie! Hata maiti hamwoni."

Sekela alijifuta uso na upindo wa kanga. "Mwache," alisema. "Mume wangu alilala na mlio huo kila usiku miaka yote hii. Siku ukikatika ndipo alipokuwa anaamka, anauliza kuna nini." Akamtazama Andendekisye kwa mbali. "Washa, mwanangu. Sisi tutalia kwa sauti zaidi."

Jenereta liliwaka. Chumbani, feni zilianza kuzunguka na diski ikapanda mwendo wake. Kila inapowaka baada ya kuzimwa vibaya, mashine huanza kwa kujikagua: hupitia diski yote na kuangalia kama kila kitu kipo mahali pake. Evarista alisimama akiitazama mashine ya kuchapa. Ilitoa mistari mitatu, ikasimama. Ukaguzi umeshindikana. Fanya kwa mkono.

Alianzisha ukaguzi kwa mkono. Ulikwenda kidogo, ukaandika kwamba kipande fulani cha diski hakisomeki, ukakata. Akajaribu tena. Safari hii ulikufa mahali pengine.

"Diski imeharibika?" aliuliza Muhidini mlangoni.

"Ingekuwa imeharibika, ingekwama palepale kila mara." Evarista aliweka kiganja juu ya kabati. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Asubuhi ile umande wa Mbeya ulikuwa umeganda kwenye nyasi, na madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya watu waliokuwa wakichungulia uani. "Imepata baridi. Tufunge madirisha, tuiache izunguke tu. Tusiiguse."

"Tusiiguse mpaka lini?"

"Mpaka ipate joto, Daktari."

Walikaa. Hilo lilikuwa gumu kuliko kazi yenyewe. Nje wanawake walikuwa wakiimba, na mngurumo wa jenereta ukameza nusu ya wimbo. Bujiku alisimama kwenye kizingiti, akitazama makabati yale kama mtu anavyotazama mlango wa chumba cha mgonjwa. Baadaye aliuliza kama angeweza kuingia, akaonyeshwa kiti, akakaa ukingoni.

"Binti," alisema, "inakula nini hii?"

"Umeme tu, baba."

"Basi haina shibe," alisema Bujiku, na Muhidini alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

Kabati lilipopata uvuguvugu, Evarista alianza upya. Sasa aliiamuru mashine ikague tu, isibadilishe chochote, na kila swali itakaloliuliza ijijibu hapana. Mashine ilichapa bila kukata. Karatasi ilishuka, ikajikunja sakafuni. Aliinama, akaifuata mstari kwa mstari na kalamu ya risasi.

"Niambie kwa lugha ya watu," alisema Muhidini.

"Kila faili lina namba," alisema Evarista, "na mahali pengine pameandikwa namba hii jina lake ni fulani. Ule ukurasa wa majina umevurugika. Mafaili mengine yapo, mazima, lakini hayana jina. Ni yatima. Hili la namba mia mbili na kumi na mbili ni kubwa kupita yote. Haliwezi kuwa lingine. Ndilo la ng'ombe."

"Kwa hiyo lipo!"

"Lipo. Mashine ikikuta yatima huwa inamweka kwenye kasha lake la vitu vilivyookotwa, ili mwenyewe aje atambue. Lakini angalia hapa." Aligusa mstari. "Kasha limejaa. Kila umeme ulipokatika tangu mwaka jana limekuwa likipokea vipande, na hakuna aliyelifungua. Sasa halina nafasi, na nafasi zake haliwezi kujiongezea wakati wa ukaguzi. Kwa hiyo mashine inauliza swali lingine."

"Swali gani?"

"Inauliza: nilifute?"

Bujiku, ambaye hakuwa ameelewa mengine yote, alilielewa hilo. Alishika magoti yake.

Muhidini alivua miwani. "Mashine ikimaliza ukaguzi itafanya kazi kama kawaida?"

"Nikijibu ndiyo kwa kila swali, ndiyo. Itawaka vizuri kabisa, na faili halitakuwemo."

"Ukijibu hapana?"

"Haitajisahihisha. Nikiifungua hivyohivyo na kuandika kitu chochote, inaweza kuandika juu ya ng'ombe, maana orodha yake ya sehemu tupu nayo imevurugika. Inaweza kuona sehemu yenye ng'ombe ikadhani ni tupu."

"Basi liongeze nafasi hilo kasha."

"Kuongeza nafasi ni kuandika, Daktari."

Kila njia ilipita palepale. Evarista alifungua kitabu, akasoma ukurasa aliokwisha kuusoma, akageuza, akarudi. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya watu ambao wangeweza kupiga simu kwa mtu. Kulikuwa na namba ya simu kwenye jalada la ndani, ya nchi ambayo kutoka Mbeya ulihitaji kuomba laini siku nzima, na hata hapo usisikie kitu.

Andendekisye aliingia, akiinamisha kichwa ili asigonge mlango, maana alikuwa mtu wa kimo. Mkononi alikuwa na kijiti kilicholowa nchani tu.

"Dizeli," alisema. "Nimechovya pipa. Hii ndiyo iliyobaki."

"Itafika saa kumi?" aliuliza Muhidini.

"Itafika saa nane, Mungu akituhurumia."

Hakukuwa na dizeli mjini. Tangu vita kumalizika, magari yalikuwa yakilala foleni. Umeme ukikatika mara ya pili, wakati mashine inaandika, lile lililobaki nusu lingebaki robo.

"Land Rover?" alisema Muhidini.

"Land Rover inampeleka Mzee Kalinga kwao Mbalizi."

"Najua inakwenda wapi, Andendekisye."

Andendekisye alikitazama kijiti chake. Alikuwa ameoga, amebadili shati kwa ajili ya kubeba jeneza. "Mbalizi si mbali," alisema polepole. "Nikinyonya nusu ya tangi, gari litakwenda. Kurudi ndiko sijui. Tutarudi kwa miguu." Alimgeukia Bujiku. "Mzee, ng'ombe wako wakipona, mimi nataka maziwa. Siyo ahsante. Maziwa."

"Utakunywa mpaka uyachukie," alisema Bujiku.

Alipotoka, walimsikia nje akikohoa na kutema. Mpira wa kunyonyea ulikuwa umemjaza dizeli kinywani.

Ni hapo Muhidini aliposema jambo ambalo Evarista alikuwa akilizunguka bila kuliona. Hakuwa anazungumzia kompyuta. Alikuwa akimtazama Andendekisye kupitia dirishani.

"Ng'ombe akiwa na majeraha mawili," alisema, "moja la kufumba na moja la kuacha wazi, huyashoni yote kwa pamoja. Unafumba lile linalovuja. Lile jingine unaliacha wazi, hata kama linatisha."

Evarista aliinua kichwa. "Hayaji yote pamoja," alisema.

"Nini?"

"Maswali. Nilikuwa nawaza kujibu ndiyo kwa yote au hapana kwa yote. Lakini yanakuja moja moja." Alivuta karatasi kutoka sakafuni, akaitandaza mezani. "Ikiuliza, nimfute yatima, nasema hapana. Ikiuliza, nisahihishe orodha ya sehemu tupu, nasema ndiyo. Yatima hajafutwa, kwa hiyo itahesabu sehemu zake kuwa zina mtu. Baada ya hapo nikiandika, siandiki juu yake. Ndipo naongeza nafasi za kasha. Halafu nakagua tena."

"Una hakika?"

Evarista alifikiri kabla ya kujibu. "Kitabu hakikusema hivyo. Wala hakikukataza."

"Hiyo si hakika."

"Siyo, Daktari."

Muhidini alimtazama Bujiku, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumtazama. Bujiku aliitazama mashine. Alifanya ishara ndogo ya mkono, kama anayemwambia mtu aendeshe ng'ombe wavuke mto.

Evarista alianza. Mashine iliuliza, naye akajibu kwa herufi moja, akasubiri, ikauliza tena. Maswali mengi yalifanana sana, tofauti yake neno moja tu, na kidole kilichozoea kusema hapana kilikuwa tayari kusema hapana kabla jicho halijafika. Akaanza kuyasoma kwa sauti, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Nimfute? Hapana. Nimfute? Hapana. Kipande kimoja kinadaiwa na mafaili mawili. Hapo alisimama.

"Kuna nini?" aliuliza Muhidini.

"Mafaili mawili yanasema kipande hiki ni changu. Moja ni la ng'ombe." Alitafuta namba ya lile jingine, na alipoliona alifumba macho. "Jingine ni tangazo la msiba. Ulinituma nichape tangazo la kifo cha Mzee Kalinga lipelekwe mjini. Ndilo nililokuwa naandika umeme ulipokatika."

"Futa tangazo."

"Nitalifuta. Lakini kipande kina maneno ya aliyeandika mwisho. Sijui ni nani aliyeandika mwisho."

Alilifuta. Mashine ikauliza kuhusu orodha ya sehemu tupu. Akasoma swali mara mbili, akajibu ndiyo. Sasa diski ilikuwa inaandika kwelikweli, na taa nyekundu ya kabati iliwaka bila kuzimika. Nje jenereta lilikohoa mara moja. Wote watatu waligeukia dirisha. Sauti ya Andendekisye ilisikika ikilitukana jenereta kwa Kinyakyusa, kisha mngurumo ukatulia.

Kuongeza nafasi za kasha kulikuwa kazi ya kipuuzi. Ilimbidi aunde mafaili matupu mengi ndani yake kisha ayafute yote, ili yaache viti vyao. Aliyaita kwa herufi zilizomjia. Hakutaka kufikiri juu ya kila moja lilivyokuwa likiandikwa mahali fulani kwenye sahani ile inayozunguka gizani, na kwamba kama alikosea, hapo ndipo alipokuwa akiwaua ng'ombe, mmoja mmoja, kwa mkono wake.

Alikagua tena. Mashine ilifika namba mia mbili na kumi na mbili. Iliuliza kama imrudishe yatima. Ndiyo. Haikulalamika. Ikaendelea na inayofuata.

"Amelala kashani," alisema Evarista.

"Alhamdulillahi," alisema Muhidini.

Bujiku alipiga makofi mara moja kwa viganja vilivyokunjwa, kama wanavyoshukuru kwao, akainamisha kichwa.

Faili lilipochapwa, Evarista aliisoma karatasi ikitoka. Namba ya hereni ya sikioni, jina la mwenye ng'ombe, na jibu. Yalikuwemo mazizi yote. Lilipofika zizi la Bujiku alianza kusoma kwa sauti, na Bujiku akasogeza kiti. Safi. Safi. Safi. Mgonjwa. Safi. Alipotajiwa namba, Bujiku hakujibu kwa namba. "Huyo ana baka shingoni," alisema. "Huyo ni mtoto wa yule wa kwanza." Wagonjwa walipotajwa alitikisa kichwa mara moja tu, na Evarista akaendelea. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja. Wengi, wengi sana, walikuwa safi.

Kisha katikati ya safu ya namba yakatokea maneno: *kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha ndugu yetu*. Maneno ya tangazo yalichukua mahali pa mistari saba, yakakatika katikati ya neno, na namba zikaendelea chini yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Evarista alisoma tena juu na chini. Alijaribu njia mbili nyingine za kusoma kipande kile, na zote zilimpa msiba uleule.

"Saba," alisema. "Saba hawana jibu."

"Ni wangu?" aliuliza Bujiku.

"Juu ni wako na chini ni wako, baba. Katikati hawawezi kuwa wa mwingine."

Muhidini aliitazama saa yake, kisha karatasi, kisha dirisha. "Agizo linasema asiye na jibu ni mgonjwa," alisema kwa sauti ndogo.

Bujiku alivuta kiti karibu zaidi na mashine ya kuchapa, mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Binti. Hiyo inaandika unachoiambia?"

"Inaandika."

"Ukiiambia safi, inaandika safi?"

"Ndiyo, baba."

"Basi." Alilisema neno hilo kama mtu anayeweka mzigo mezani. "Saba tu. Umenipa wengi, nami nakushukuru. Niongeze saba. Nani atajua?"

Muhidini alikuwa amesimama kati ya meza na mlango. Alisogea, akanakili namba za wagonjwa kumi na mmoja kwenye kijikaratasi. "Ninakwenda kuandaa simu," alisema, akatoka, na mlango akauacha wazi nyuma yake. Evarista alielewa kwamba ameachiwa uamuzi.

Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe. Ingekuwa kazi ndogo kuliko zote za siku ile.

"Baba," alisema, "hawa saba wakirudi zizini, watalala na wale walio safi."

"Wanalala nao sasa."

"Wanalala nao kwa sababu hatukujua. Kama kati ya saba yumo mmoja..."

"Kama." Bujiku alilipaza neno. "Kama! Unaua kwa kama?"

"Sitaua mimi, wala sitaamua mimi kwamba ni safi. Sijui, baba. Sijui wala mashine haijui. Ukiniambia niandike, nitakuandikia. Ni mifugo yako. Lakini sitakuambia kwamba najua."

Bujiku alikaa. Nje waliokuwa wakilia walikuwa wamenyamaza. Walikuwa wakimwinua Mzee Kalinga kumpakia garini. Bujiku alisimama kwa heshima hadi milango ya gari ilipofungwa, kisha akakaa tena.

"Walitolewa damu kwa mpangilio gani?" aliuliza. "Aliyewatangulia hao saba ni yupi?"

Evarista alimsomea namba ya juu na ya chini.

"Nawajua hao saba," alisema Bujiku. Aliziba uso kwa mkono. "Siku ile waliingia kwenye kibano cha kutolea damu pamoja, hawaachani. Ni yule mama mweusi na binti zake na wajukuu. Nilihama na huyo mama mweusi. Njia nzima kutoka Shinyanga wengine walimfuata yeye." Aliondoa mkono usoni. "Binti zake wawili wana mimba."

Evarista aliondoa vidole kwenye vitufe.

"Alikohoa," alisema Bujiku baadaye. "Mwezi wa tano. Nilisema ni vumbi."

Aliinuka, akajitanda blanketi vizuri. "Usiandike," alisema. "Lakini nitasema mimi. Shija akisikia sauti ya serikali ikimtaja mama mweusi, atasimama mbele ya bunduki. Ni mtoto wa namna hiyo."

Katika chumba cha simu ya upepo Muhidini alikuwa amekwisha soma wagonjwa kumi na mmoja. Aliwaona mlangoni, akatazama karatasi mkononi mwa Evarista, akaona pale palipoandikwa msiba pameachwa kama palivyokuwa. Aliomba upande wa pili umwite Shija Bujiku. Kisha akampa mzee kipaza sauti, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza anaposema.

Bujiku alisema kwa Kisukuma. Chumbani hakuna aliyemwelewa. Hakupaza sauti. Walisikia majina, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina akatulia kidogo, kama anayesubiri aliyetajwa ajitokeze. Evarista alihesabu bila kutaka. Lilipopita la saba, Bujiku alinyamaza, na kutoka upande wa pili hakukuja kitu.

"Mzee," alisema Muhidini. "Achia kitufe. Hawawezi kujibu."

Bujiku alikuwa ameking'ang'ania, kidole gumba kimekakamaa. Muhidini alijaribu kukiinua taratibu, hakikutoka. Evarista alishika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaufungua kidole kwa kidole.

Kwanza ulikuja mvumo mtupu, kisha mlio wa ng'ombe wengi. Halafu Shija alisema, kwa Kiswahili, ili askari waliokuwa naye wamsikie:

"Baba, nimekuelewa. Waanze na yupi?"